Shada Nililovishwa Kabla ya Mtihani

Shikamooni wazazi. Wenzangu mnaoanza leo darasa hili la kurisiti, la kurudia mtihani wa kidato cha nne, karibuni, na poleni na hivi viti vya chekechea. Magoti yatazoea. Mimi nilikaa kile cha karibu na mlango, na koti langu la bodaboda, nimeinama nisijulikane. Hata sasa naona aibu kusimama hapa, na kwa vile mama yangu yumo humu ndani, ndiyo imezidi.

Ndugu zangu, mnajua mahafali yetu ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani. Watu wanakula pilau ya kitu ambacho hakijapatikana. Kwetu ni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na shule ilikuwa upande wa mjini. Siku ile nilivuka na pantoni nimevishwa mashada hadi masikioni, mama anapiga vigelegele, abiria wananipa mkono. Nikaulizwa nitakuwa nani. Nikasema daktari. Na nilijua, nawaambieni, nilijua kabisa kwamba tangu kidato cha kwanza, masomo yalipogeuka ya Kiingereza, nilikuwa nanakili ya ubaoni tu. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, naitikia kwa sauti kuliko wote.

Matokeo yakatoka. Ziro.

Mama hakunigombeza. Bora angenigombeza. Picha yangu ya mahafali alikuwa ameshaitundika sebuleni, na hakuitoa. Kule kwenye pantoni wakaendelea kuniita, "Mhitimu! Za masomo?" Hawakunikejeli, hawakuwa na habari. Nikashindwa kuvuka mchana. Mwisho nikamkimbilia mama mdogo hapa Tanga, Chumbageni, nikaendesha bodaboda, watu wa Bweni nikawaacha waamini niko chuo.

Kilichonivunja ni mdogo wangu wa kike. Naye alifika kidato cha nne, shule ile ile, nikaenda mahafali yake na shada kubwa. Akanirudishia mbele ya wenzake.

"Kaka, mie shada silitaki. Wewe si ulivishwa?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa kuwa kama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi Tanga shada linaning'inia kwenye usukani, kulitupa siwezi, kulitazama siwezi.

Kesho yake nikaja hapa. Mwalimu wetu, mama huyu mstaafu mnayemwona, alikuwa anafagia darasa. Nikaanza kumweleza matokeo yangu, akanikatiza.

"Sitaki kujua ulipata nini, mwanangu. N'ambie uliishia wapi kuelewa."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Darasa la saba, mwalimu. Asilimia." Mtu mzima, ndevu hizi! Machozi yakanitoka.

"Basi twaanzia hapo. Kaa."

Akawa anafundisha kila kitu kwa Kiswahili kwanza, mpaka nimweleze kwa maneno yangu, ndipo anageukia Kiingereza. Hata hivyo niliporisiti mara ya kwanza nilifeli tena hesabu. Kwa aibu nikaacha kuja. Siku moja mwalimu akanifuata kijiweni, akapanda pikipiki yangu kama abiria.

"Wapi, mwalimu?"

"Darasani."

Ningefanyaje? Nikampeleka, na nikaingia naye. Safari hii nimefaulu. Si kwa kung'ara, nimefaulu tu.

Mwalimu, asante. Mama mdogo, asante kwa kunifunikia chakula kila jioni. Wenzangu wa kijiweni, asanteni kwa kunishikia zamu. Mdogo wangu alifaulu kabla yangu, na ningali namwonea haya. Wazazi, mtoto akifeli, muulizeni aliishia wapi kuelewa. Nanyi wenzangu, kama hamjaelewa, semeni. Msiitikie kama nilivyoitikia mimi.

Mama anataka kunifanyia sherehe nyingine. Nimekataa. Ila lile shada alilolikataa mdogo wangu ninalo hapa, limechakaa kidogo. Mama, simama. Mimi nilikimbia, wewe ukabaki unavuka na pantoni ile kila siku, ukiulizwa "Mhitimu hajambo?" unajibu hajambo. Aibu yangu uliibeba peke yako. Njoo mbele, mama, nikuvishe.