Mama Pudentienne, Aliyekosea kwa Makusudi

Tarehe 30 Septemba 2009, baada ya miaka kumi ya utumishi, Mama Pudentienne Ndayisenga anastaafu kazi yake ya kuwahudumia wakaaji wa Nyumba ya Wazee ya Mulongwe, hapa Uvira.

Haya, tulieni. Najua programu hii ya sherehe ya kumuaga itasomwa kwa sauti mbele ya wazee wote, na najua kwamba tukifika hapa nusu ya sali, yaani ukumbi wetu huu, itakuwa imeshainua fimbo. Si miaka kumi. Ni miaka ishirini na minane, kwa kuwa alianza mwaka 1981. Nimekosea kwa makusudi, kama alivyotuzoesha yeye mwenyewe, ili nihakikishe hakuna aliyesinzia. Mimi ni Dalila, mpishi wa nyumba hii, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, ati, hakuna aliyemlalamikia Mama Pudentienne kwa muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli, na sijamaliza.

Alikuja kutoka Kavimvira akiwa bado msichana, akaajiriwa kufua mashuka. Baadaye akaongezewa kunyoa ndevu, kukata kucha, na kuwatoa wazee nje uani asubuhi kabla jua halijawa kali. Kupika hajui mpaka leo. Kuimba ndiyo kabisa, na wanakwaya wa parokia ni mashahidi. Lakini alipopewa kuwashughulisha wazee saa za mchana, baada ya chakula, hapo ndipo tulipomjua ni nani.

Mwaka 1987 masera mmoja Mbelgiji, mtawa aliyekuwa akirudi kwao, alituachia kijitabu cha maswali ya kuamsha akili za wazee. Wazo lake lilikuwa zuri, Mungu ambariki. Shida ni kwamba maswali yote yalihusu printemps, yaani ule wakati wa Ulaya ambapo baridi inaondoka na miti inatoa majani mapya. Ua gani hutangulia kutoboa theluji? Mnyama gani huamka usingizini mwezi wa tatu? Mama Pudentienne alisoma swali moja baada ya jingine, na wazee wakakaa kimya kama watoto wa katekisimu ambao hawakujifunza. Mzee Jafari, mvuvi wa zamani wa Kalundu, ndiye pekee aliyefungua mdomo, akataka kujua kama hiyo theluji inauzwa kwa kilo au kwa fungu.

Mwisho kabisa kulikuwa na swali la mbayuwayu, ndege ambaye kurudi kwake kunawaonyesha watu wa Ulaya kwamba printemps imefika. Mama Pudentienne alikuwa amechoka, anataka kufunga kazi. Akasema tu kwamba mbayuwayu ni ndege wa Ulaya na huku kwetu hafiki. Basi sali nzima ikaamka. Wazee ambao hawakuwa wamesemezana tangu Pasaka walianza kusaidiana kumsomesha. Mbayuwayu hafiki namna gani, wakati kila mwaka anakuja na mvua ya kwanza, anakamata kumbikumbi hewani, anajipanga juu ya nyaya za umeme, halafu mwezi wa tatu anaondoka? Mzee Jafari alisimama bila fimbo. "Ule ndege ni wa kwetu," alisema. "Kule anaendaka tu kutembea."

Siku hiyo uji wangu ulipoa kwenye sufuria kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha mabishano. Nililalamika, hilo nalikubali. Lakini Mama Pudentienne alikuwa amejifunza jambo moja lililotosha kwa kazi yake yote: mzee ukimuuliza anaweza kunyamaza, awe amesahau, anaona haya, au hana hamu, lakini mzee akisikia kosa hawezi kulivumilia. Kijitabu akakiweka jikoni kwangu, nikawa naegeshea juu yake sufuria ya moto. Tangu mwaka huo, kila mvua za Septemba zikikaribia, alifungua msimu wa maswali yake ambayo kwa kweli hayakuwa maswali. Alikuwa anaingia sali, anakunja mikono, anatangaza uongo mmoja wa mvua, wa shamba au wa ziwa, kisha anakaa kusubiri asahihishwe.

Wageni hawakuwa wanaujua mtindo huu, na palitokea ajali. Siku moja alitangaza kwamba ndagala, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa vizuri wakati mwezi umejaa. Mtu yeyote wa ufukweni anajua kwamba ndagala hufuata taa, na mwezi ukiwaka wavuvi hubaki nyumbani. Mzee Jafari nusura apasuke. Lakini bwana mmoja wa komite ya nyumba hii, mtu wa milimani, alikuwa amepita mlangoni, akasikia tangazo na hakungoja masahihisho. Akaenda kupanga sikukuu yetu iangukie mwezi mpevu ili samaki wawe wengi. Siku ilifika, mwezi ukawaka kama mchana, na mimi nikapikia wageni waalikwa maharage. Sitamtaja jina kwa kuwa ameketi hapa leo, na safari hii amechagua tarehe vizuri.

Sasa niseme habari ya vita, kwa maana nikiiruka nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine.

Vita vilipita hapa zaidi ya mara moja, na kila mara wenye miguu walivuka mpaka au walipanda milima. Wazee wetu wengi hawakuwa na miguu ya kukimbia, kwa hiyo Mama Pudentienne alibaki nao. Hakutoa hotuba yoyote. Alisema mashuka hayajakauka. Risasi zikisikika upande wa mto, alikuwa anapandisha sauti kidogo na kutangaza uongo mkubwa kuliko wa kawaida, na wazee wakawa wanapigana na huo uongo badala ya kusikiliza nje. Mimi pia nilikuwa nikisikiliza uongo huo kutoka jikoni, na ulinisaidia. Sijawahi kumwambia. Asante, Mama Pudentienne.

Agosti 1998, watu wakikimbia kutoka bonde la Ruzizi, wanawake fulani walimkuta mzee ameketi peke yake kando ya barabara ya Bukavu. Wakampakia kwenye baiskeli, wakamleta mpaka getini kwetu, wakaendelea na safari yao. Hawakumjua. Hakuwa na karatasi yoyote, na hakusema neno. Alilala akiwa ameelekea ukutani, anakunywa maji, anameza vijiko viwili vitatu vya uji, basi. Muuguzi wetu alituambia wazi kwamba mtu anayekula hivyo hataiona Noeli.

Tulimwita Mzee wa Ukutani, kwa kuwa jina lake hatukulijua, na hilo ndilo lililotuumiza. Bila jina wala kijiji, hakuna ambaye tungemtumia habari. Kama alikuwa na watu, walikuwa wanamtafuta au wanamlilia, na sisi tuko naye hapa ndani. Mama Pudentienne alimuuliza kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifuliiru. Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa kumchokoza. Mzee hakugeuka. Nilimwona Mama Pudentienne akitoka nje kujifuta macho kwa pindo la kitenge, halafu akirudi ndani kama vile hakuna kitu.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Siku ambayo mawingu yalianza kujikusanya, aliagiza kitanda cha Mzee wa Ukutani kisogezwe mpaka sali, kando ya ukuta, pamoja na wengine. Akakunja mikono. Akatangaza kwamba watu wa bonde, wakitaka kujua kama mvua inakuja, wanageuka kuangalia ziwa. Mzee Jafari akafungua mdomo, Mama Pudentienne akamwekea mkono begani, akamnyamazisha. Akarudia tena tangazo lake, pole pole, akaongeza kwamba ndiyo maana watu wa bonde huchelewa kupanda, kwa kuwa macho yao yako upande usiofaa.

Wazee wote waligeukia kile kitanda. Hata mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Kisha sauti ikatoka kitandani, kavu, ya mtu aliyeudhika.

"Hapana. Kwetu Kiringye tunaangaliaka milima ya Lemera. Kule juu kukiwa kweusi, unaingiza mbuzi."

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mama Pudentienne hakutikisika hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa, akasema basi tumshukuru Mzee Antoine kwa kutufundisha. Mzee akageuka kutoka ukutani, mara ya kwanza tangu afike, akamtazama. "Weye mama, Antoine ni nani? Minye ni Libérat." Mama Pudentienne akaomba radhi kwa heshima zote, akasema amesahau, huyu ni yule Libérat wa Kiringye ambaye hana mtoto hata mmoja. Mzee akajiinua kwa kiwiko. Alikuwa na mtoto, alisema, naye anaitwa Florentine, na mtu yeyote wa Kiringye anamjua.

Nililia pale mlangoni, na sioni haya kusema hivyo. Mvua ilianguka juu ya mabati tukawa hatusikilizani, na Mama Pudentienne akaenda kuanua mashuka.

Mume wangu Ngongo wakati ule alikuwa anauza chumvi kando ya barabara ile, pale ilipopitika. Sikutaka aende, kwa kuwa wengine walikwenda na hawakurudi. Mama Pudentienne hakumwomba, alimwambia tu jina la mzee, la kijiji na la binti. Ngongo alikwenda. Kiringye hakukuta watu wengi, lakini walimwelekeza Luvungi, na Luvungi akamkuta Florentine ameshanyoa nywele za msiba. Wakimbizi walimwambia kwamba baba yake amefia njiani, naye alikuwa ameamini.

Alifika hapa na Ngongo akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Libérat alikuwa ameketi uani, Mama Pudentienne anamnyoa ndevu, nusu ya uso ina povu. Binti akapiga magoti mbele yake, hakuweza kumgusa. Akasema, "Baba, balisema ulikufa."

Mzee alimwangalia binti yake, kichwa kile kisicho na nywele.

"Balikosea," alisema.

Kisha akaomba uji. Nilitia sukari yote iliyokuwa imebaki jikoni, na hakuna aliyenigombeza.

Mzee Libérat aliiona Noeli ile, akaziona na nyingine kadhaa baadaye, kwao Kiringye, akiwaeleza majirani mahali mvua inapotoka. Amelala huko sasa, amezikwa na watu wake. Florentine yuko nasi leo, mstari wa mbele, na gunia la mahindi alilolileta limeshafika jikoni kwangu. Amenituma niseme kwamba hana maneno. Nami ninayo machache tu, mwenzangu. Asante kwa ndevu ulizonyoa na mashuka uliyoanua. Asante kwa wale waliokuwa wanasinzia wakingoja kufa, ambao wewe uliwaudhi mpaka wakarudi kuishi. Asante kwa kubaki.

Komite imeniagiza nimalizie kwa kukutakia heri, na nakutakia kwa moyo wote: afya ya magoti, wajukuu wenye kelele, na bustani ya mchicha isiyoingiliwa na mbuzi wa jirani. Upumzike, mama. Umefanya kazi.

Lakini mawingu yameanza kushuka kutoka milimani, nimeyaona asubuhi hii nikiwasha moto, na wazee wamekwisha kuulizana ni nani atakayekuja kudanganya mwaka huu. Kwa hiyo natangaza hapa, mbele ya watu wote, mikono nimeikunja: Mama Pudentienne amemaliza, kesho haji, na nyumba hii si kwake tena.

Sasa tunakaa kimya, mama. Tunangoja utusahihishe.