Safari za Motaboti ya Amour

Baraza yetu ya kahawa ilikuwa Malindi ya Unguja, kwenye kona ya kuteremkia bandarini, na mwaka ule wa hamsini na sita hatukuwa na mazungumzo mengine ila Amour bin Hashil. Babake alipofariki, Amour aliuza gari ya marehemu akanunua motaboti nyeupe. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, hutoka peke yake akafuata pwani ya kaskazini, akitia nanga kila kijibandari: Bububu, Mangapwani, Mkokotoni. Havui, habebi mzigo. Akirudi hutuinamishia kichwa, akapita. Wa kudumu barazani tulikuwa Shamsi, tukimwita Gazeti, Mcha, karani mstaafu wa forodha, tukimwita Forodha, na mie. Borafya ndiye aliyekuwa akituuzia kahawa.

— Karafuu hizo, alisema Forodha. Anazipakia Mangapwani, anazivusha bara kwa magendo.

— Kwa boti ile? aliuliza Borafya huku akimimina. Haichukui hata magunia matatu.

— Anachukua kidogo kidogo.

— Hamjui kitu nyie, alisema Gazeti. Uchaguzi mwakani. Anatafuta kura za mashamba.

— Amour? nikasema. Salamu tu zinamshinda, kura ataziomba vipi?

— Basi keshaoa. Ana mke kila bandari.

— Halali ni wanne, alisema Borafya. Bandari ni nyingi zaidi.

Gazeti hakukubali kushindwa.

— Mangapwani kuna pango. Marehemu babake kaficha dhahabu mle, na boti ile inaongozwa na jini. Amour anakaa tu.

Tulicheka, ila Forodha hakucheka. Alisema jioni ile atakwenda kwa wenzake wa zamani wa forodha, Ijumaa waipekue boti mbele za watu.

Alikuwa bado anasema alipofika mtu mgeni, kanzu yake imejaa vumbi la njiani. Alitoa salamu, tukaitikia, kisha akamgeukia Forodha aliyekuwa mkubwa wetu.

— Shikamoo.

— Marahaba. Karibu ukae.

— Naitwa Machano. Natoka Fukuchani, mbele ya Mkokotoni. Namtafuta Amour bin Hashil.

— Una biashara naye? Gazeti alimuuliza, akimpisha nafasi.

— Sina. Alikuja kwetu na boti yake. Kila anapotia nanga anamuulizia Bi Mwanamwema, aliyeolewa mjini zamani, akaachwa, akanyang'anywa mtoto mchanga. Mtoto huyo ndiye yeye Amour, mwenyewe katusimulia; akakuzwa akiambiwa mamake kafa. Babake alipofariki, shangazi yake ndiye aliyemwambia mama yu hai, huko kaskazini. Ila kijiji shangazi hakukijua.

— Na huyo mama yuko wapi? nikauliza.

— Kwetu. Ni mama yangu mdogo. Siku ile Amour alipokuja tulimficha bibi, tukasema hatumjui. Tulidhani katumwa na watu wa mume kuja kumtia aibu tena.

Borafya alimpa kikombe. Machano alikishika tu, hakunywa.

— Jana bibi mwenyewe kanituma. Kasema niulize kwanza kwa majirani, ndipo aamue kama aonane naye. Alimwacha bado ananyonya. Anataka kujua: mwanawe ni mtu wa namna gani?

Mie nilitafuta jambo moja, hata dogo, la kumwambia, sikulipata.

— Kwani hamumjui? Machano aliuliza.

— Hatumjui, Forodha alisema mwishowe. Akainuka, akavaa makubadhi yake. — Lakini nyumba yake naijua. Twende ukamwone kwa macho yako, umpelekee jawabu la kweli.

Walikwenda. Kabla ya alasiri tulisikia mashine ya boti ikiwashwa. Amour alikuwa kwenye usukani, Machano ubavuni pake, na Amour analia waziwazi, hajali nani anamwona. Forodha alirudi akakaa. Habari ya kupekua boti hakuitaja tena.

Kesho yake motaboti ilirudi. Amour alimpandisha ngazini bibi mwembamba, kamshika mikono yote miwili. Walipofika barazani petu bibi alisimama, nasi tukasimama.

— Huyu mwanangu, alituambia. Anaitwa Amour.