Nirudishieni Futi Yangu

Sikilizeni, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu uliyesimama mlangoni na Biblia kwapani, ingia ukae, maana leo sikuombi uniombee, leo nasema mimi na wewe unanyamaza. Na kabla sijasema neno la pili, nirudishieni futi yangu. Ndiyo, ile futi ya chuma niliyopimia milango ya nusu ya mtaa huu. Fundi seremala kama mimi anaomba futi apimiwe jeneza lake mwenyewe, aseme mbao zikatwe vipi, nanyi mnaifukia kwenye pipa la unga, eti kujipima ni kukosa imani! Dada yako ndiye aliyeniambia, na usimkazie macho, amefanya vyema.

Nina hasira, na sina muda wa kuipoza. Miezi mitatu sasa mnajaza watu chumbani humu, mnapiga makofi juu ya kitanda changu, mnamwambia Mungu afanye nini na lini, kama mteja anayemwamuru fundi. Daktari kasema lake, mwili wangu umesema lake, Mungu peke yake ndiye hamjampa nafasi ya kusema. Ile sala ya Baba Yetu mnayoisema kila siku, mkifika pale kwenye mapenzi yake mnapita mbio kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali. Nikifungua mdomo niwaage, mnanikatiza, "Baba, usikiri mauti!" Mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mnataka kiniumbue mimi, nife sijaaga mtu, kwa kuwa waoga ni nyinyi.

Nitulie? Nitulie niende wapi! Nitatulia sana, msiwe na haraka.

Hamjui hasira hii imeanzia wapi. Msumeno uliponikata vidole hivi viwili, nilifunga siku saba nikiomba viote. Havikuota. Nikamnunia Mungu, nikatupa randa uvunguni. Mama yenu hakunihubiria, asubuhi moja alikuja karakana, akashika ncha ya pili ya ubao, akasema, "Haya, piga randa." Alishika ncha ile miaka kumi na tisa. Niliomba vidole viwili nikapewa mikono miwili, nami kwa ujinga wangu nikadhani sijajibiwa.

Kisha akaugua yeye. Siku moja baada ya chai akaniambia, "Baba watoto, kaa hapa, nina neno nataka nikuachie." Nami, kwa hiyo imani yangu kubwa, nikamfokea: ashindwe shetani wa kuaga, utapona, sitaki kusikia! Akaniangalia. Akasema, "Sawa." Akageukia ukutani, na siku nne baadaye alipoondoka duniani alikuwa hajalirudia. Miaka kumi na moja, wanangu, nimeishi na neno nisilolijua. Nimelitafuta kwenye sanduku lake la nguo, kwenye mifuko ya aproni yake, hadi ndani ya viatu vyake, kama mwendawazimu. Watu walikuja wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia amina. Ya Mungu haina. Yangu ilikuwa na kosa, nami nikalificha nyuma ya jina lake.

Na wewe, kifungua mimba, siku ile ulikuwa umesimama mlangoni hapohapo, ukanisikia nikifoka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nakukasirikia, lakini ninayemkasirikia zaidi ni huyu aliyekufundisha, na huyo naye Mungu amemvumilia mpaka leo, sijui kwa nini.

Basi shikeni haya. Karakana ni ya dada yako. Usikunje uso, wewe hujawahi kupigilia msumari ukaingia wima. Zile mbao zilizo darini nimezikausha miaka minne, tatu ni za jeneza langu, na msizichanganye na mbichi, mbao mbichi hupinda, na mimi nimepinda vya kutosha. Wewe chukua Biblia ya mama yenu, lakini ole wako uisome juu ya mgonjwa kabla hujamuuliza anataka kusema nini. Kuomba ombeni, sijawakataza. Ombeni hata nipone leo hii, kisha fungueni mikono, na mkipewa msichokiomba, kipokeeni, msichelewe kukijua kama mimi.

Futi imeletwa? Tazama, ina unga mpaka kwenye namba. Wewe shika ncha ya kisigino, dada yako ashike ya kichwani. Vuteni. Msibishane, jamani, hata hapa? Soma kwa sauti. Haya, ongezeni vidole vinne... na mabegani pawe na nafasi, sijazoea kubanwa.

Sasa... inueni vichwa vyenu. Mungu awashike pale mtakapoponyokwa. Awape mapenzi yake, na moyo wa kuyapenda hata yakiuma. Mbarikiwe, nyinyi wawili... na mikono yenu.

Pumzi hii... ngojeni kidogo. Kifungua mimba, tangu uingie unafungua mdomo na kuufunga. Una neno. Weka Biblia chini, sogea, kaa hapa kitandani. Sitakufokea, mwanangu. Sema... sema taratibu... bado nasikia.