Kilindi cha Rongdik Kisiuzwe

Sogeeni wanangu, kaeni chini, nawe Silme epua huo uji kwanza, maana uji unaweza kungoja lakini pumzi yangu haingoji tena. Nimewaita ninyi binti zangu wawili, Balje mkubwa na Silme kitindamimba, na mkwe wangu Brilson mume wa Balje, na huyu mzee Walseng aliyepanda mlima kutoka kijiji cha chini kwa miguu yake mibovu, ili nikishasema asiwepo wa kudai hakusikia. Msinililie. Juzi mchungaji alinikuta nacheka peke yangu akadhani nimechanganyikiwa, nikamwambia, "Mchungaji, nakwenda kwa Bwana wangu, ulitaka ninune?"

Silme, kwa desturi yetu Wagaro nyumba ya mama ni ya binti wa mwisho, basi nyumba hii ni yako, na shamba la mipopoo, na zile sahani za shaba tunazogonga siku ya mavuno. Balje, usivimbe mashavu. Wewe umerithi ulimi wangu, na huo sina wa kumgawia mwingine. Lakini kilindi cha mto Rongdik, pale kwenye mawe meupe, si cha yeyote kati yenu, na sikilizeni kilivyonitoka mikononi.

Balje, ulikuwa ndiyo kwanza unatembea, na marehemu baba yenu Jengnal alikuwa shemasi. Kila Krismasi alirusha baruti kilindini, samaki wakaelea matumbo juu, wakubwa kwa wachanga, nasi tukawazoa kwa vikapu huku tunaimba, kwa kuwa ilikuwa karamu ya kanisa. Mwaka mmoja baruti ikakosekana, akamimina dawa ya wadudu. Siku ya Krismasi yenyewe, katikati ya wimbo, Walseng huyu, wakati huo kijana, akaingia kanisani na kamba tupu mkononi.

"Ng'ombe wangu wanne wamekunywa maji yenu wakafa," akasema. "Mke wangu yuko sakafuni anatapika. Nani kafanya hivi?"

Baba yenu akamjibu pale pale madhabahuni, "Mto ni wetu. Kama maji yetu hamyataki, chimbeni ya kwenu."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, wanangu. Kicheko hicho ndicho ninachokiungama leo mbele yenu.

Baada ya hapo wa chini wakaja wakakata mipopoo yetu, vijana wetu wakachoma majani yao ya ng'ombe, na wanaume wakawa wanakwenda shambani na panga ambalo halikuwa la kulimia. Nami, mimba ya Silme ikiwa imeshakuwa kubwa, nikashuka kufua nguo pale kilindini, nikasikia ukimya. Hapakuwa na chura. Hapakuwa na ndege. Nikakaa juu ya jiwe nikajiuliza, yule aliyeumba vyote akatazama akasema ni vyema, leo akipita hapa atasema nini? Nikarudi nikamwambia baba yenu, "Shemasi, umeombea baraka chakula cha wizi."

"Nimemwibia nani?"

"Wa chini. Na samaki. Na Mungu mwenyewe."

Siku tatu alishinda shambani. Siku ya nne nikafungua ng'ombe wetu watatu, ndio wote tuliokuwa nao, nikawaswaga hadi kijiji cha chini. Walseng alikuwa amesimama njiani na panga.

"Mama Balje, umekuja kupigana na tumbo hilo?"

"Nimekuja kulipa ng'ombe na kuomba radhi."

Akahesabu. "Wangu walikuwa wanne. Hapa naona watatu."

"Wa nne ni mume wangu. Yuko nyuma, anaona haya."

Na kweli, baba yenu akatokeza kwenye kona, kichwa chini, kama ng'ombe hasa! Walseng alicheka mpaka akakaa chini, na panga likamtoka. Baba yenu akapiga magoti kwenye tope, na mke wa Walseng, mwembamba kama ufito kwa ugonjwa ule, akatupakulia wali na samaki mkavu. Jumapili iliyofuata vijiji viwili vikaapa kanisani kwamba kilindi kile hakitavuliwa na mtu. Mwaka wa tatu samaki wakarudi, wenye magamba ya dhahabu, wakafuatwa na fisimaji, na baba yenu uzeeni akawa anawalisha samaki hao wali kwa mkono wake, anawaita waumini wake, anasema hawa hawasinzii mahubiri yake.

Sasa Balje, Brilson, najua mlimtembeza yule mtu wa mjini anayetaka kununua kingo za mto achimbe mawe. Inua uso, mkwe wangu, sina hasira. Najua paa lenu linavuja. Silme, mabati ya ghala mpe dada yako wiki hii hii, na popoo za kila msimu mgawane nusu kwa nusu, kwani siwezi kudai haki ya samaki huku nikimwacha mwanangu analowa. Kuhusu kilindi, jana nimeweka kidole gumba kwenye karatasi, mkuu wa ukoo kaweka chake, na Walseng chake. Kitalindwa na vijiji viwili. Hakiuzwi.

Mnizike mapema, kabla ya jua kali. Wa chini wabebe jeneza... wa juu wapike. Msisahau mbwa, nao wapate kula.

Mungu aliyeumba kila chenye pumzi... awape amani isiyomdhulumu mtu. Awape watoto wenye kelele. Awape mvua kwa wakati wake.

Silme, shika mkono. Si wangu... wa dada yako.

Walseng, anzisha wimbo. Sauti yako mbaya... lakini haina haya.

Juu kidogo.

Hivyo... hivyo.