Mama Maabara, Mwalimu Aliyekataa Kufundisha Hewa

Marehemu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Maabara, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi chapa wa shirika la reli na mkunga.

Mwaka 1976 aliingia chuo kikuu kusomea kemia. Enzi hizo serikali ilitoa fedha za maana, na kila mwanafunzi alifanya majaribio kwa mikono yake. Alirudi hapohapo kuwa mhadhiri Septemba 1983.

Mume alimpata kazini. Friji ya kemikali iliharibika, fundi akaja, akaitengeneza. Kesho yake akarudi kuulizia hali ya friji.

"Friji inagandisha vizuri," marehemu alimjibu. "Anayechemka ni wewe."

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986.

Baadaye ruzuku ya serikali ilikatwa mwaka hadi mwaka, huku wanafunzi wakiongezwa mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Kemikali ziliisha. Mkuu wa chuo akamwambia, "Jaribio lichore ubaoni. Waambie wachukulie maji yamebadilika rangi." Marehemu aliona kinyaa, wala hakukificha.

Mwaka 2009 waziri alikuja kuzindua lango jipya la marumaru. Alipopitishwa maabara, marehemu alimpa kikombe kitupu.

"Karibu chai, mheshimiwa."

"Mbona hamna kitu?"

"Chukulia imo. Ndivyo tunavyowafundisha wanenu."

Wiki iliyofuata alivuliwa ukuu wa idara. Hakuomba radhi. Hadi alipostaafu mwaka 2016, hakumpitisha mwanafunzi kwa jaribio ambalo hakulifanya. Wenzake walipitisha tu, wakala na kulala.

Januari mwaka huu ini lilianza kumsumbua. Hospitalini, binti mmoja, mhitimu wa chuo kilekile, alimpima damu mara tatu akatoa majibu matatu tofauti.

"Mwanangu, kipimo hiki ulijifunzia wapi?"

"Ubaoni, Mwalimu."

Marehemu alimshika mkono yule binti, akalia. Hakumlaumu. Waliomtia hasira ni wale waliompa shahada huku wakijua hajawahi kushika kipimo. Ugonjwa ulipojulikana ni saratani, ulikuwa umeshasambaa. Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni.

Jana chuo kilileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa "Nguzo ya Elimu Bora". Mumewe aliusoma utepe, akamrudishia dereva wa chuo shada lake.

"Mwambie mkuu wako, hapa hatupokei mapambo."

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na wanafunzi waliojaa uani hapa, waliokuja kwa nauli zao.

Mola ampe mapumziko mema. Alichoka.