Keki ya Harusi za Wenzake

Mwaka ule tulipopiga kura ya kuruhusu ndoa za jinsia moja kwa posta, mama mmoja alipanda tramu ya Preston, lile gari la reli la barabarani, amepakata keki ya harusi ya binti wa jirani. Akaketi kando ya mzee mwenye kofia, mbele ya kiti changu. Hawakujuana.

"Mimi nimeshatuma Hapana yangu," mzee akasema, wala hakuulizwa. "Kura gani hii, hata zile soseji za kuchoma tunazouziwa shuleni kila siku ya uchaguzi hakuna? Ndoa ni mume na mke, mama. Basi."

Kwa soseji, nilikuwa upande wake.

"Harusi za mtaa mzima nimebebea keki, mzee wangu. Mwanangu Glenn na Rohan wake wanaishi pamoja miaka na miaka. Mimi nitabebewa lini?"

"Si uwafanyie karamu tu?"

"Karamu ya nini? Ya kuhamia nyumba?"

Tramu ikafunga breki ghafla. Mzee akaidaka keki kwa mikono miwili.

"Nishushie hiyo keki basi, goti langu bovu," mama akasema kituoni kwake.

Akamshushia, huku akisema Biblia iko wazi. Milango ikajifunga. Tukawaacha kituoni wakibishana, na keki kaishika mzee.