Wiki Aliyoipanga Baba Yenu

Ninyanyueni kidogo, niegemee mto, kisha kaeni mnisikie, Shuhei na wewe Michiyo, wanangu wawili niliowazaa, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno. Bwana Nagakura, niliyefanya naye kazi chumba kimoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, ndiye atakayeandika. Muuguzi na jirani yetu ni mashahidi wengine, kwa kuwa sheria inataka watu watatu wasiorithi chochote pale mtu aliye ukingoni mwa kifo anaposema wosia kwa mdomo, na inataka mtu huyo asomewe maandishi, na mahakama ya familia iyapate kabla ya siku ishirini kupita. Siyataji haya kwa kujivunia elimu. Miaka thelathini na minane nimesajili nyumba na mashamba ya watu wa Hamamatsu, na nimeshuhudia ndugu wakiraruana mbele ya meza yangu kwa sababu mzee wao alidhani mapenzi yanatosha pasipo muhuri.

Basi yaandikwe kwanza yale ambayo sheria itayalinda. Nyumba hii pamoja na kiwanja chake ni ya Michiyo. Shamba la chai la kule Tenryu, na kibanda cha kukaushia majani, ni vya Shuhei. Piano ya baba yenu, ile aliyoisawazisha sauti kila majira ingawa hakuna aliyeipiga, ipelekwe shule ya msingi iliyo nyuma ya posta, wala asitokee mmoja wenu kudai kwamba aliahidiwa, kwa maana niliuliza na hakuna aliyeahidiwa. Hayo yamekwisha. Usitikise kichwa, Shuhei. Ukiona nimekosea, mahakama ipo.

Yanayofuata hayana nguvu ya sheria. Hakuna hakimu atakayewalazimisha, wala hakuna atakayepoteza hata kikombe kwa kuyakataa. Ndiyo maana ni mazito zaidi.

Mwaka huu ni wa tisa hamsemezani. Mnapishana katika mlango wangu kama wapangaji, mmoja akija Jumamosi na mwingine Jumapili, na kila mmoja amenieleza, tena na tena, kwamba mwenzake ndiye aliyemuua baba yenu. Nimezisikiliza kesi hizo mbili kwa muda mrefu kuliko hakimu yeyote, na leo natoa uamuzi.

Madai ya Michiyo ni kwamba kaka yake alimchosha mzee. Ni kweli kwamba Shuhei alipanga siku tatu za kututembeza, Nara, Kyoto na Kanazawa, mahali kumi na tisa, kila mahali na dakika zake katika jedwali alilolichapisha na kulitia ndani ya plastiki. Ni kweli kwamba katika bustani ya mawe ya Kyoto, baba yenu alipokuwa ndiyo kwanza anaketi barazani, Shuhei alisema, "Baba, twende, hapa tuna dakika kumi na mbili tu," na mzee akanyanyuka, akasema, "Vizuri sana, vizuri sana," huku kiatu kimoja bado kiko mkononi. Niliyaona. Madai ya Shuhei ni kwamba dada yake ndiye aliyemhimiza kupanda ngazi za mlima wa malango mekundu. Nalo ni kweli: "Baba, tukifika juu tutauona mji wote, jikaze kidogo, wewe si mzee!" Niliyasikia. Alijikaza, akaanguka karibu na lango ambalo sikuwahi kulihesabu, na siku ya kumi na moja akatutoka, hapa hapa.

Lakini karatasi ya daktari, ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeomba kuisoma, inasema mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba tangu miaka mingi, na kwamba angeweza kuanguka akifunga kamba za viatu. Kwa hiyo dhidi ya Shuhei haikuthibitishwa, na dhidi ya Michiyo haikuthibitishwa. Nyote wawili mmeishi gerezani bila hukumu.

Nami niliiona chuki hiyo ikizaliwa. Pale mahali pa kuchomea maiti, ilipowadia zamu yenu ya kuuchukua mfupa mmoja kwa vijiti, wawili kwa pamoja, kama inavyowapasa watoto wa marehemu, Michiyo alinong'ona, "Kaka, hata hapa unatazama saa?" naye Shuhei akajibu, "Nani alimwambia apande?" Michiyo akaviondoa vijiti vyake, mfupa ukaanguka juu ya bati. Mlio ule ulikuwa mdogo. Shangazi yenu alijifanya anakohoa ili wageni wasiusikie, na tangu siku hiyo sisi sote tumekuwa tukikohoa.

Maswahiba wa haki huuliza, je, hapakuwa na mshtakiwa wa tatu? Alikuwapo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nipeni maji.

Michiyo, fungua droo ya chini ya kabati la kimono, chini ya mkanda wangu wa arusi. Kitabu hicho chenye jalada la kitambaa. Usikisome bado, mimi nakijua kwa moyo. Miaka ishirini na miwili baba yenu alikuwa akiipanga wiki hiyo, akifuta na kuandika upya kwa kalamu ya risasi, kila jioni ya Jumapili baada ya kuoga. Siku ya kwanza, kufika Nara na kutofanya jambo, ila kununua wali na samaki uliofungwa kwa majani na kuula kwenye benchi, tukiwaangalia paa wakiwaibia watu biskuti. Siku ya pili, hekalu moja tu, na kukaa humo mpaka kivuli cha nguzo kiihame miguu yetu. Siku tatu za Kyoto, kila siku bustani moja, kutotoka chumbani kabla watu hawajafika kazini, mvua ikinyesha, ameandika, "Vyema, tusikilize bomba la paa la nyumba." Mtu wa kusawazisha piano, nanyi mnajua, hakuwa akitazama mahali, alikuwa akipasikiliza. Siku ya sita, Kanazawa, na iwe Desemba, wanapozivika kuta za udongo mikeka ya majani ya mpunga zisipasuke kwa baridi. Alitaka kutembea kando ya kuta hizo polepole, aone jinsi watu wanavyoufunika ukuta kama mgonjwa. Na siku ya saba ameandika, "Hakuna mpango. Tukikipenda kitu, tukirudie."

Shuhei, ulipopiga simu Septemba ile, ulisema, "Mama, tunataka kuwatembeza wewe na baba, mngependa kwenda wapi?" Ulituuliza. Hilo liandikwe kwa faida yako. Baba yenu alikuwa ameketi ubavuni mwangu, kitabu hiki kikiwa wazi juu ya goti lake. Nami nikajibu, "Popote mtakapoona panafaa." Kwa sababu ndivyo mama anavyojibu. Kwa sababu mwanamke aliyelelewa vizuri hamtajii mwanawe anachokitaka, husubiri kikisiwe. Nikamwona mume wangu akikifunga kitabu, akakitia chini ya gazeti, akasema, "Watoto wana shughuli nyingi, tusiwasumbue." Ningeweza kusema neno moja, simu ilikuwa bado mkononi. Nikasema, "Asante sana, mwanangu."

Huo ndio ushahidi. Sisemi kwamba wiki ya polepole ingemwokoa. Sina cheti cha kuthibitisha hilo, wala siamini methali inayodai kwamba haraka haina baraka, kwa maana nimewaona wengi waliokwenda taratibu wakafa vilevile. Nasema tu kwamba angekufa baada ya kukaa pale barazani.

Na lipo baya zaidi, nisipolisema leo halitasemwa. Mficha maradhi, kifo humfichua. Baada ya mazishi nilikificha kitabu hiki, kwanza kwa aibu. Baadaye kwa faida. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilivuna mkiwa mnagombana. Mlipopatana mlikuwa mkija pamoja Mwaka Mpya tu. Mlipochukiana, kila mmoja akaja peke yake, akanipikia, akaniosha mgongo, akishindana na mwenzake asiyekuwapo. Michiyo, ulikuwa ukiuliza, "Kaka alileta nini jana?" nami nikikujibu, "Machungwa tu," ili wewe ulete tikiti. Neno langu moja lingeufunga ugomvi huu, nami nilikuwa nikila tikiti.

Usilie, Michiyo. Au lia, lakini usikilize.

Ombi langu ni hili: mkaitembee wiki hiyo, ninyi wawili, kama ilivyoandikwa. Msibebe mifupa yangu wala ya baba yenu. Sijaletewa ushahidi kwamba majivu hutalii. Wiki hiyo ni ya walio hai. Nataka majibu sasa, nikiwa bado nasikia, na yasiwe ya adabu.

Shuhei amesema, "Nitakwenda, mama." Umesema upesi, kama mtu anayetaka faili lifungwe. Naipokea ahadi hiyo, lakini haraka yako nimeiona.

Na wewe?

"Siku saba na huyu? Siwezi, mama. Siku ya tatu nitakuwa nimemsukuma mtoni."

"Mto wa Kyoto hauna maji ya kumzamisha mtu," hilo ni la Shuhei, nimelisikia.

"Basi siku mbili. Nara, benchi na hekalu moja. Zaidi ya hapo siahidi."

Bwana Nagakura, futa saba, andika mbili. Hapana, usinihurumie, andika. Miaka hamsini katika nyumba hii hapajatamkwa "siwezi" mbele yangu, nami nilidhani huo ni upendo. Siku saba zingekuwa za kunifurahisha mimi. Mbili ni zake mwenyewe, zitafanyika.

Soma sasa, Bwana Nagakura, taratibu... Ndiyo. Ndivyo nilivyosema. Pigeni mihuri yenu.

Mazishi yawe madogo. Kasisi wa hekalu asinipe jina refu wanalopewa wafu, sikuwa mrefu. Dirisha... liacheni wazi.

Wanangu. Sijui baraka hutoka wapi, sikuwahi kuona chanzo chake kikithibitishwa. Lakini kama mama anazo, basi ninazo, na zote... gawaneni sawasawa. Mwombe mnachokitaka. Mpewe au mnyimwe, lakini muwe mmeomba. Mzeeke mkiwa mnagombana kwa sauti. Shuhei, msogelee... hapana, wewe usiseme. Michiyo, yeye hajui kuanza.

Anza wewe.